Mlango wa Makochi

Duka la fundi makochi halikosi watu, na sababu ni moja tu: viti vipo. Nenda kwa muuza dawa, utasimama. Nenda kwa kinyozi, kuna benchi moja na wote waliolikalia wanasubiri zamu. Kwetu sisi mtu aliingia kutoa salamu, akakuta kochi la watu watatu limevuliwa nguo nusu, sponji nje, akajibanza pale penye springi nzima, na salamu ikawa ya saa mbili. Mume wangu alizoea kusema kochi la mteja likikaa dukani wiki moja linarudi kwao likijua nani kamwacha nani mtaa mzima. Mimi nilikaa kwenye cherehani karibu na mlango nikishona vitambaa, macho barabarani, masikio ndani. Sikuwa na haja ya redio.

Mlango wenyewe ulikuwa na upana wa futi saba, wa mbao, unakunjwa huku na huku, na ukishafunguliwa wote unaweza kusema duka halina ukuta wa mbele. Aliyeutoboa ni baba mkwe. Nyumba aliinunua ya kale, chini duka, juu tunalala, na alianza kwa viti vya kulia chakula na vigoda. Siku alipopata kazi ya kochi la kwanza, akalibeba na wenzake hadi hapo, halikuingia. Wakalilaza, wakalisimamisha, wakaligeuza miguu juu, wapi. Kesho yake akaita mwashi, wakavunja ukuta. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Wakati huo ukuta wako ulikuwa wako. Toka hapo, makochi ya nusu ya mji yaliingia kwa mlango ule yakiwa hoi na kutoka yakiwa mabibi harusi.

Barua za ofisi ya mji zilikuja siku moja kwa maduka yote, katika bahasha za kaki. Jioni ile walikusanyika kwetu watu kumi na mmoja, kwenye makochi mawili na pembeni. Kinyozi, ambaye duka lake limeungana na letu ukuta kwa ukuta, ndiye aliyesoma kwa sauti, maana ana sauti ya kusomea barua. Mtaa wetu, ikasema, umetangazwa kuwa eneo la majengo ya kale. Rangi ya ukuta itachaguliwa kwenye orodha. Mabango ya plastiki yenye taa yashushwe. Mashine za kupoza hewa zisionekane barabarani. Na sehemu ya mbele ya kila jengo irudishwe katika hali yake ya awali, pale ambapo hali hiyo inathibitika.

Muuza dawa akauliza yeye dawa zake zinazotaka baridi atazipepea kwa gazeti au vipi. Mwenye duka la simu akasema bila bango lake la taa watu watapita wakidhani pale panauzwa mishumaa. Kila mtu alikuwa na lake, na kila mtu alisema kwa wakati mmoja. Kinyozi akapapasa kipara chake, akasema kama ni hali ya awali basi waanze na yeye, alikuwa na nywele. Tulicheka sana. Tulicheka kwa sababu hatukuwa tumejua bado.

Mume wangu hakucheka. Aliiomba ile barua, akausoma mstari wa mwisho mara tatu huku kidole kikiufuata. Kisha akatueleza polepole, kama anavyomweleza mteja kwa nini kitambaa alichokileta hakitoshi. Hali ya awali ni pale inapothibitika. Isipothibitika, kilichopo ndicho kinachobaki. Ni nani aliyebaki mjini anayejua ukuta huu ulikuwaje? Waashi wamekufa, baba amekufa, mama yuko juu na macho hayaoni. Basi.

Akanigeukia. "Akija mtu wa ofisi, jibu anachouliza. Asichouliza usikijibu."

"Shemeji, hasa wewe," kinyozi akaongeza, na watu wakaangua kicheko kingine, na mimi nikiwemo.

Ningekaa hapo hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini siku chache baadaye muuza dawa alinijia na habari. Binamu wa mteja wake anaishi mji mwingine, nako yalipita mambo haya haya, na huko maduka yaliyothibitisha kuwa ni ya zamani sana, ya baba na babu, yalipewa cheti na kuachwa kama yalivyo. Wakongwe hawaguswi. Mimi nimekulia mtaani, najua neno la mtaani ni kama kitumbua cha njia nne, kimeshikwa na wengi kabla hakijakufikia. Lakini hili lilikuwa tamu. Nililimeza zima, na sikumwambia mume wangu, nikitaka siku moja nimshangaze.

Mtu wa ofisi alikuja asubuhi ambayo mume wangu alikuwa amekwenda kupeleka mzigo. Kijana mwembamba, mpole, jalada kwapani, penseli sikioni. Nikampa jina papo hapo: Bwana Penseli. Alikuwa ameanzia mwanzo wa barabara tangu saa mbili na kote alijibiwa mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Shati lilimganda mgongoni. Sasa mtu kama huyo unamwachaje amesimama, katika duka ambalo kazi yake ni viti? Nikamkalisha kwenye kiti chetu kizuri, kile cha mikono kisichouzwa, nikamtilia chai.

Aliniuliza huu mlango tuna muda gani nao. Nikasema sijui. Aliniuliza kama kuna michoro ya nyumba. Nikasema haipo. Akaandika, nikachungulia: haijulikani. Nilijibu vizuri siku ile, watu hawaamini nikiwaambia. Akafunga jalada. Akanywa chai. Na kukawa kimya.

Kimya mimi kinaniua. Kukiwa na mgeni mbele yangu na hakuna anayesema, naona kama nimemnyima chakula. Nikakumbuka cheti. Nikamwambia ngoja, nikapanda ngazi mbili mbili, nikarudi na albamu.

Picha ilikuwa ukurasa wa kwanza. Baba mkwe amekaa nje ya duka kitini, mama mkwe amesimama nyuma yake, mkono begani, wote wamekunja uso. Nyuma ya picha, kwa mwandiko wa mama mkwe, kuna maneno haya: siku tuliyofungua duka. Na tarehe. Mimi nilimwonyesha tarehe. Nilimwonyesha baba mkwe, nikamwambia jinsi alivyokuwa mkali, jinsi alivyopigilia misumari ameishika midomoni kumi kumi. Nikamwambia, "Na kiti unachokikalia ndicho hicho hicho cha kwenye picha."

Bwana Penseli alisimama. Akakitazama kiti, akaitazama picha, akatoa tepu mfukoni akakipima mgongo na mikono. Nilidhani amependezwa na ufundi. Nilifurahi hata.

"Mama," akasema, "nimetafuta picha ya upande huu wa barabara miezi minne."

Akaomba kuipiga picha kwa simu yake. Nikaipeleka picha kwenye mwanga pale mlangoni, na nikaifuta vumbi kwa upindo wa kanga ili itoke vizuri.

Mume wangu aliporudi nilianza kumsimulia kwa furaha, hata kofia hajavua. Nilifika katikati, pale kwenye kiti, ndipo nikajisikia ninachosema. Nikaangalia albamu iliyokuwa bado wazi juu ya meza. Nyuma ya wale wawili palikuwa na ukuta. Katika ukuta palikuwa na mlango mwembamba wa ubao mmoja, na dirisha dogo huku na dirisha dogo huku. Miaka yote nimeitazama picha ile sikuwahi kuuona ukuta. Nani anatazama ukuta kwenye picha ya watu?

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alitoka, akavuka barabara, akasimama ng'ambo akiutazama mlango kwa muda mrefu, kama mtu anayemsindikiza msafiri.

Barua ya pili ilikuja na mchoro, na mchoro ulikuwa mzuri, lazima niseme kweli. Walijua urefu wa kiti, kwa hiyo wakajua urefu wa kila kitu kilichokuwa nyuma ya kiti. Mlango: futi mbili na inchi nane. Madirisha mawili, nondo za mbao. Tumepewa siku tisini, na cheti hakikutajwa. Na kwa kuwa ukingoni mwa picha lilionekana dirisha la jirani, kinyozi naye akapata yake: kioo chake kikubwa, ambacho wateja hujitazama wakipita na kuamua nywele zimezidi, kiondoke, libaki dirisha la kutolea kichwa.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia ilikotoka ile picha. Heri alisikie kwangu. Alikuwa anamnyoa mtu ndevu, hakuinua wembe. Akasema, "Hapana neno, shemeji." Na toka siku ile alinipa salamu zangu vizuri kabisa, asubuhi na jioni, akiwa amesimama mlangoni kwake. Ndani kwetu hakukanyaga tena. Wengine nao walipungua mmoja mmoja, kila mtu akiogopa ni nini kingine kitaonekana katika albamu za watu. Makochi yakabaki matupu, nami nikashona huku nikisikia cherehani yangu peke yake.

Tulijaribu njia ya nyuma. Ipo njia, inapita uani na kuingia kwa ujia mwembamba wenye kona. Mume wangu alisema kwa kipimo haipiti, mimi nikasema vipimo si kila kitu, tukaita wapagazi wanne. Kochi liliingia hadi kwenye kona, likakaa. Mbele haliendi, nyuma halirudi, na mpagazi mmoja yuko upande wa ndani hana pa kutokea. Saa nzima na nusu. Mwisho mume wangu akachukua msumeno akakata mkono wa kochi, kazi yake mwenyewe ya wiki iliyopita, kumtoa binadamu.

Akatafuta banda nje ya mji. Mabanda yenye milango mipana yote yalikuwa na mafundi wa huko, na mafundi wa huko walikuwa na wateja wa huko, wakamtazama kama anavyotazamwa mgeni anayeuliza sana.

Tukaenda ofisini. Unachukua namba, unakaa kwenye viti vya chuma vilivyofungwa pamoja ili visiibwe, unasubiri namba iitwe. Mume wangu alivikagua chini akasema hata sisi tusingeviiba. Dada wa dirishani alitusikiliza vizuri. Nilimwambia picha ni yangu, nimebadili nia, naiomba. Akanieleza kwamba ushahidi ukishaingia kwenye faili hautoki. Aliyeuleta hawezi kuuondoa. Pingamizi ni moja tu linalosikilizwa: kuthibitisha kwamba picha si ya jengo hili, na kwa hilo anatakiwa shahidi aliyekuwepo.

Shahidi aliyekuwepo alikuwa amelala juu ya duka letu akisikiliza taarabu za majirani.

Mama mkwe macho yalikuwa yamemwishia, anaona mtu kama kivuli kwenye pazia, lakini akili ilikuwa kamili na ulimi ndio usiseme. Nilikaa kitandani kwake nikamweleza yote, hata la albamu. Alinisikiliza, akaguna.

"Kwa hiyo wakinionyesha picha niseme si hapa."

"Ndiyo, mama. Useme tu si hapa. Ni kwa ndugu, ni mji mwingine, popote."

"Mwanangu, mimi nimeishi nyumba moja na mama mkwe wangu miaka tisa. Kudanganya unanifundisha wewe?"

Tulifanya mazoezi siku nne. Nilimshikisha albamu mkononi nikawa Bwana Penseli, namuuliza kwa sauti ya ofisini, bibi, hapa ni wapi. Si hapa, anajibu. Hakika, bibi? Mimi mzee, si mjinga, si hapa. Mume wangu alisikia kutoka chini, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilimsikia akipiga mluzi kazini.

Siku ikafika. Bwana Penseli alikuja na mkubwa wake, mama mmoja wa miwani, mtulivu, anayefuta kiti kabla ya kukaa. Mume wangu akamshusha mama yake kwa mikono, akamweka kwenye kochi karibu na mlango penye mwanga. Na Bwana Penseli akafungua karatasi aliyokuwa ameiviringisha.

Hatukulijua hilo. Sisi tulifanya mazoezi na picha ndogo, ile ambayo kwake ilikuwa doa tu mkononi. Hii walikuwa wameikuza, kubwa kama sinia. Uso wa baba mkwe peke yake ulitosha kuwa sahani. Wakaishika mbele yake.

Aliisogelea hadi pua ikakaribia karatasi. Mimi nikaona mkono wake umeondoka pajani, unakwenda taratibu, umefika kwenye shavu la mumewe.

"Hakunyoa vizuri," akasema. "Nilimwambia."

Yule mama wa miwani akauliza kwa upole, kama tulivyojua angeuliza: "Bibi, hapa ni wapi?"

Mama mkwe akageuza kichwa upande wangu. Hakuniona, najua hakuniona, lakini alijua nimekaa wapi. Nikasema moyoni, mama, sema. Maneno mawili. Mume wangu alikuwa amesimama ameshika nguzo ya mlango.

"Nimeambiwa niseme si hapa," mama mkwe akasema. Akarudi kwenye picha. "Miaka kumi na saba sijauona uso huu. Huyu ni mume wangu, na hapo ni kwangu. Kumkana mbele ya watu siwezi. Mnisamehe, wanangu."

Basi akaanza. Akawaeleza mwashi alikuwa nani na aliishi wapi, ukuta ulivunjwa siku gani ya wiki, mawe walikoyatupa, mlango wa zamani ulivyolia ukifunguliwa na rangi yake ilikuwa kijani, jambo ambalo picha haikuweza kuwaambia. Hakuna aliyemkata. Ungemkataje? Alikuwa na mgeni mbele yake na cha kusimulia, na mimi mkaza mwana wake naijua hali hiyo kuliko yeyote. Bwana Penseli aliposikia lile "nimeambiwa niseme", penseli yake ilisimama, na hilo hakuliandika. Nilimwona. Aliandika kijani.

Walipoondoka waliiacha ile picha kubwa. Mama mkwe aliomba, wakampa.

Usiku ule mume wangu hakula. Asubuhi akatoa makochi yaliyokuwa dukani moja moja, yaliyokwisha na yasiyokwisha, akawarudishia wenyewe. Kwa wale ambao hayajakwisha aliwapa kitambaa na sponji yao kwenye mfuko, kama daktari anayemruhusu mgonjwa na dawa za kumalizia nyumbani.

Waashi wa ofisi walikuja na chokaa, maana saruji hairuhusiwi. Walifanya kazi siku tatu. Siku ya kwanza ukuta ulifika magotini na watu wakauruka kuja kusalimia. Siku ya pili ulifika kifuani, nikawa namwona mpita njia kichwa tu. Siku ya tatu nilihamisha cherehani kwenda chini ya dirisha, na dirisha lenyewe liko juu. Nikishona naona anga na kebo za umeme. Nyayo nazisikia zikipita, siwezi kujua za nani. Nikimuuliza mume wangu ananiambia hata yeye hajui.

Watu wa mji wanakuja kuupiga picha ukuta wetu wa mbele. Kweli umependeza. Mlango wa kijani, nondo za mbao, kibao kidogo chenye mwaka. Wanapiga, wanapita. Ndani hawaingii, pataonekana nini? Viti vya kulia chakula, vigoda, mto wa kiti cha gari. Mume wangu anavimaliza kabla ya adhuhuri, kisha anapanga misumari kwa saizi.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka upande wa pili wa mji, na msukuma mkokoteni, na juu ya mkokoteni kochi la watu watatu, zuri, la mbao nzito, springi zimetoboa kitambaa. Alituuliza kama hapa ndipo kwa fundi makochi, maana aliambiwa kuna mlango mkubwa. Nikamwambia ndipo. Alitazama mlango, akatazama kochi, nikaona anataka kusema na anaona haya kwa niaba yetu.

Mume wangu akatoka na tepu. Akapima kochi urefu, akapima kimo, akapima kina. Akaja akapima mlango, kama vile haujui. Yule mama na msukuma mkokoteni walimsubiri kwa adabu. Akarudi kwenye kochi akalipima tena, safari hii amelilaza ubavu akilini, naona midomo inahesabu.

"Halipiti," akasema.

"Basi hata nje hapa?" yule mama akauliza. "Mimi nitasubiri."

Mume wangu akamwonyesha kibao cha ofisi kilichoko nguzoni, kinachosema njia ya miguu isizuiwe kwa biashara. Mama akakisoma. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni kwake na wembe mkononi, muuza dawa naye ametoka, wote wanatazama.

Msukuma mkokoteni akauliza sasa alipeleke wapi. Mume wangu alikuwa amechuchumaa, ameingiza mkono chini ya kochi, anazigusa springi moja moja. Akamwambia asubiri kidogo.